Memori inasoma nikiibana kwa kidole tu. Mbovu ni kadi, adapta au rida?

Wakuu, heshima kwenu. Napiga picha za harusi hapa Tanga. Kwenye kamera natumia microSD, ile kadi ndogo ya memori, ya GB 32 ndani ya adapta, lile ganda la kuifanya itoshe tundu la SD kubwa. Siku hizi nikiichomeka kwenye kadi rida (kisomeo cha kadi) ya USB, laptopu inasoma, inapoteza, inasoma tena. Jumamosi nilikaa nimeibana kwa kidole dakika 40, kama mtu aliyeziba bomba lililopasuka. Leo hata nikibana inaniambia nifomati, yaani niifute yote ianze upya, na picha za sendofu ziko humo. Fundi anasema nisugue zile pini za njano za kadi kwa raba. Nifanyeje?

Kijiti_cha_Taa: USIFOMATI! Mguso ukikatika katikati ya kusoma, kompyuta inapata taarifa nusunusu na kudhani kadi imeharibika. Mara nyingi picha zipo zimetulia. Sukuma kile kijitelezi cha pembeni ya adapta kwenye Lock kabla ya kuchomeka, usije ukabonyeza OK kwa pupa. Kisha tafuta rida nyingine.

Baba_Naima: Raba ni sawa tu mkuu. Mimi mwaka wa tano nasugua, zinang'aa.

FundiWaBarabaraNane: Baba Naima, zinang'aa maana unazikwangua. Ile njano ni dhahabu, tabaka jembamba mno, chini yake kuna nikeli na shaba. Ikiisha, shaba inashika kutu, na sisi wa pwani na hewa hii ya chumvi ndiyo kabisa. Halafu makombo ya raba yanahamia ndani ya rida, unaanza kesi ya pili.

Mleta mada, tafuta alkoholi ya isopropili, asilimia 90 kwenda juu. Spiriti yenye rangi achana nayo, huacha utando. Lowesha kidogo kitambaa kisichotoa nyuzi, pangusa pini kwa kufuata urefu wake, acha ikauke kabisa. Na usipulize kwa mdomo, unatia mate humo.

Ila mimi namshuku adapta. Haina akili yoyote ndani, ni vijiwaya tu vinavyotoa umeme kwenye pini 8 za microSD kwenda pini 9 za nje. Toa memori, mulika mdomo wa adapta kwa tochi ya simu. Utaona vilimi vinane vya springi. Vyote viwe kimo kimoja. Kilicholala hakigusi, na ukikinyanyua kwa sindano kitakatika. Tupa.

Mama_Studio: Naongezea: hicho kijitelezi kikilegea, kamera itakwambia kadi imefungwa wakati haijafungwa. Kimenitokea ukumbini, bibi harusi anaingia! Tangu hapo natumia SD kamili kwenye kamera, adapta zimebaki za ofisini.

Kijiti_cha_Taa: Pole dada 😂

Mleta mada: Wakuu, nimerudi. Kilimi cha pili kutoka mwisho kimelala chali. Nimeazima rida yenye tundu la microSD lenyewe, nimechomeka bila adapta: picha zote zipo, na sasa nanakili mara mbili kwenye diski mbili tofauti. Memori nayo nimeipangusa, kitambaa kimetoka na doa la kahawia. Nahisi ni pilau, maana huwa nabadilisha kadi hukohuko mezani.

Mama_Studio: Nawa mikono kwanza, baba.