MREJESHO: Yale maandiko mliyonipa ya kumsomea bi mkubwa

Wakuu habari za jioni. Mimi ndo yule wa Kimara niliyeuliza nimsomee nini mama, alipata kiharusi upande wa kulia akagoma kabisa kusali, anasema Mungu kamsahau.

Wengi mlisema Warumi 8:28, ile ya kwamba mambo yote Mungu huyafanya kuwa mema kwa wampendao, nikaisoma, aisee akageukia ukutani. Sio kwamba mstari mbaya, ila kwa mtu asiyeweza hata kushika kijiko inasikika kama unamkaripia.

Kilichosaidia ni yule aliyesema Zaburi 88. Nilisita sana maana ile haina mwisho wa furaha kama zingine, inaishia gizani hivyo hivyo, lakini nikasoma taratibu na nilipomaliza mama akauliza "kwani hiyo nayo imo kwenye Biblia?" nikamwonyesha, akalia, mara ya kwanza tangu aumwe. Kesho yake kaomba nirudie. Saa hizi tuko Zaburi 22, ile Yesu aliyoililia msalabani, "Mungu wangu, mbona umeniacha".

Wanajumuiya wa kanisani nao walikuja Jumamosi, niliwaomba wasihubiri, wakae tu kama marafiki wa Ayubu zile siku saba za mwanzo walizokaa kimya kabla hawajaharibu kwa maneno 😂 mmoja akashindwa kujizuia ila basi, walileta na maembe.

Kusali mwenyewe bado. Ila jana usiku nilipomaliza nimemsikia "amina", ya chini chini. Mazoezi ya mkono yanaendelea.