Baba ana Parkinson na anaanguka: tumsaidieje bila kumfungia ndani?

BintiTanga: Habari zenu wapendwa. Baba ana miaka 71, ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo. Anatumia levodopa, dawa ya ugonjwa huo, na mkono umepunguza kutetemeka. Shida ni miguu. Ukumbini anatembea vizuri, akifika mlangoni inaganda, mwili unatangulia, anaanguka. Juzi kapasuka juu ya jicho. Kaka zangu wanataka akae kitini, dada wa kazi amfanyie kila kitu. Mwenyewe anataka kwenda msikitini kwa miguu na kuoga bila kusimamiwa. Mimi naona wakimkalisha ndio watammaliza. Mliouguza mgonjwa wa hivi, mlifanyaje?

MamaZawadi: Pole mwanangu. Mume wangu anao. Akiganda msimvute wala kumsukuma, hapo ndipo mtamwangusha. Asimame kwanza, avute pumzi, auhamishe uzito kulia na kushoto, ahesabu "moja, mbili", ndipo anyanyue goti. Sisi tumebandika tepu nyeupe kwenye vigae, mistari ya kukatiza njia toka kitandani hadi chooni. Penye sakafu tupu anakwama, penye mistari anapita!

FizioMoshi: Mama kasema kweli. Kwenye Parkinson hupungua dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea, na hapo hatua zinazojiendesha zenyewe ndizo zinazokwama. Mstari au kuhesabu humfanya mtu apige kila hatua kwa kukusudia.

Angalieni sana anavyogeuka. Asijizungushe papo hapo, azunguke kwa upana kama gari linalokata kona. Asibebe vitu kwa mikono miwili, na asisemeshwe akiwa anatembea.

Waambie kaka zako kwamba kukaa tu kunamaliza nguvu za mapaja, na mapaja ndiyo yanayomsimamisha. Kila siku ainuke kitini na kuketi mara kadhaa, mtu akiwa karibu. Kuna utafiti wa Oregon, Marekani, uliochapishwa 2012: wagonjwa 195 walifuatiliwa miezi sita, na waliofanya tai chi mara mbili kwa wiki walianguka kidogo kuliko waliojinyoosha tu. Mazoezi ni tiba, jamani. Mtafuteni mtaalamu wa viungo amwone.

NesiMstaafu: Andikeni saa anazoanguka na saa za dawa. Kama ni karibu na dozi inayofuata, huenda dawa inakuwa imekwisha nguvu. Daftari hilo mpelekeeni daktari, msiongeze wala kusimamisha dawa wenyewe. Levodopa ni vizuri aimeze nusu saa kabla ya kula, kwa sababu nyama na maharage huizuia kufyonzwa vizuri.

Mpimeni presha akiwa amelala, kisha baada ya kusimama dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari ajue. Asubuhi aketi kwanza ukingoni mwa kitanda. Tena, akitapika asipewe Plasil (metoclopramide), dawa ya kuzuia kutapika, inazidisha Parkinson. Lisemeni hilo kila mnapokwenda kutibiwa.

BintiTanga: Mungu awabariki. Presha hatujawahi kumpima akiwa amesimama. Na bafuni je?

FizioMoshi: Aoge ameketi, kiti kizito chenye mpira miguuni. Ndoo iwekwe juu ya stuli asiiname. Fundi afunge vyuma vya kushikilia kwa boliti ukutani, karibu na kiti na karibu na choo. Bomba la taulo halibebi mtu. Mlango ufunguke kwa nje na usitiwe komeo, ninyi mkae mnaposikia akiita. Kandambili ziondoke, avae viatu vinavyoshika kisigino. Msuli usiburute. Na usiku taa iwake njia nzima.

Mswalihina: Msikitini atangulie kabla ya msongamano, saa ambayo dawa inafanya kazi. Aswali kwenye kiti, dini imeruhusu. Kwetu vijana wanampokea mzee mmoja mlangoni, wanamvua viatu akiwa ameketi.

BintiTanga: Nimewatumia kaka zangu uzi huu wote. Fundi nimeshampigia. Mama Zawadi, kwetu ni sakafu ya saruji, tepu itashika?

MamaZawadi: Haitashika mwanangu, na ncha ikibanduka itamkwaza. Pakeni rangi.