Tupeane uzoefu: zana za makutano katika AutoCAD

Habari za kazi, wakuu. Vijana wengi wanaokuja ofisini kwetu kwa mafunzo kwa vitendo huchora vizuri kwa AutoCAD, programu ya kuchorea ramani na majengo kwa kompyuta, lakini wakifika mahali mistari miwili inapokatana hukadiria kwa macho, kisha hushangaa eneo wanalodhani limefungwa linapokataa kujazwa rangi. Kwenye gridi ya nguzo mimi huacha INT, zana inayoinasa kalamu kwenye nukta halisi ya makutano, peke yake ikiwa imewashwa na huzima NEA, ambayo hunasa popote pale juu ya mstari. Karibuni mtueleze yenu.

Mpima ardhi, Tanga

Sisi tunaopokea data ya totali stesheni (kifaa cha kupimia umbali na pembe uwandani), adui yetu ni Z, yaani kimo cha kila nukta. Nililetewa ramani ambayo ukuta na ukingo wa barabara vilionekana vimekatana wazi kabisa, ilhali INT haikunasa chochote. Amri ya LIST ikaonyesha kuwa mstari mmoja uko kwenye kimo cha mita 14.20 na mwingine mita 12.85, maana yake ni kwamba mmoja unapita juu ya mwenzake bila kugusana. APP ndiyo hunasa makutano ya namna hiyo, yanayoonekana tu kutoka juu; na ukiweka mpangilio wa OSNAPZ kuwa 1, kila nukta unayonasa huchukua kimo cha kazi, yaani kile unachochorea wakati huo, badala ya kimo chake. Tafadhali msisawazishe vimo kwenye faili asilia, fanyieni nakala.

Jambo la pili ni bikoni (alama ya mpaka wa kiwanja) iliyong'olewa. Kama una umbali wake kutoka bikoni mbili zilizobaki, chora duara kwa kila umbali, unase makutano. Duara hukatana mara mbili, kwa hiyo mchoro wa uwandani ndio utakaokuambia ni upande upi. Zikikatana kwa pembe nyembamba sana, kosa dogo la futi kamba huisogeza nukta mbali, na hapo ni heri kutafuta bikoni ya tatu.

Mchoraji wa majengo, Nairobi

Kwa kona za kuta situmii INT kabisa. FILLET, amri ya kuunganisha kona, yenye nusu kipenyo 0 huirefusha mistari iliyopungua na kuikata iliyozidi kwa pamoja. Ukishikilia Shift unapochagua mstari wa pili, huhitaji hata kubadilisha thamani. Nikiongezea kwa mkuu wa Tanga: TRIM, amri ya kukata mistari, inaweza kukata mistari yenye vimo tofauti bila kulalamika, kwa kuwa mpangilio wa PROJMODE ukiwa 1 huilaza yote kwenye bapa la XY, yaani kimo kimoja, kabla ya kukata. Ndiyo maana mtu hudhani mchoro wake uko sawa.

Fundi wa mabomba na viyoyozi, Mwanza

Kwenye maumbo ya 3D, chungeni amri ya INTERSECT: hubakiza sehemu ya pamoja tu na kuyafuta mengine yote. Nikitaka kujua kama bomba linapita ndani ya boriti, natumia INTERFERE, ambayo huonyesha mgongano na kuyaacha maumbo yalivyo.

Mwanzisha uzi

Mkuu, na bomba likiwa limegusa boriti tu?

Fundi wa mabomba na viyoyozi, Mwanza

Kugusana hakuna ujazo, kwa hiyo haitakuonyesha kitu. Mimi huchora bomba pamoja na unene wa kizuia joto chake, na nafasi ya mkono wa fundi, ndipo nalipima.