Naomba ushauri: hofu na usingizi wa mgonjwa vinamhusu daktari bingwa wa saratani?

Binti Mkubwa: Ndugu wanajamvi, mama yangu anatibiwa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Kila tukienda kliniki, daktari hutueleza ukubwa wa uvimbe, majibu ya damu na tarehe ya kemotherapi inayofuata. Nyumbani mambo ni mengine: halali, chakula kimemshinda, na juzi aliniuliza kama anatufilisi. Akiwa mbele ya daktari husema hajambo. Je, nikiyasema mimi nitakuwa nimevuka mipaka?

Muuguzi Mstaafu: Pole sana, mwanangu. Hujavuka mpaka wowote, kwa kuwa mgonjwa asiyekula wala kulala hupungua nguvu, na daktari anaweza kulazimika kumpunguzia dozi au kuahirisha mzunguko unaofuata. Bingwa hawezi kuwa mshauri nasaha, mtaalamu wa lishe na ofisa ustawi wa jamii kwa wakati mmoja, lakini ni wajibu wake kuuliza, kutibu kilicho chake na kumwita anayehusika. Daktari Mwingereza Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya nafsi, ya kijamii na ya kiroho kwa pamoja. Hilo swali la kufilisi, kwa macho yangu, ndilo linalomnyima usingizi.

Mzee wa Busati: Ombeni tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso mengine, sasa, sambamba na kemotherapi. Wengi tukilisikia jina hilo tunadhani tumeambiwa tuage, kumbe utafiti uliofanyika Boston na kuchapishwa mwaka 2010, kwa wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyosambaa, ulionyesha kuwa walioianza mapema walikuwa na sonona kidogo zaidi na waliishi miezi 11.6 kwa kipimo cha kati (yaani nusu yao walivuka hapo), dhidi ya 8.9 kwa wenzao. Utafiti mmoja si msahafu, lakini unatosha kuuliza.

Mama Pili: Mimi natofautiana kidogo na waliotangulia. Usimsemee mgonjwa kisogoni. Andikeni pamoja, kila tatizo mlipe alama kuanzia 0 (halipo) hadi 10 (limezidi kabisa), kisha karatasi aikabidhi yeye mwenyewe.

Binti Mkubwa: Ahsanteni. Tumeandika jana usiku. Usingizi ameupa 6 na chakula 5, kisha akaichukua kalamu mkononi mwangu, akaongeza mstari ambao sikuutarajia, "kuwaficha wanangu", akaupa 9.