Kompyuta mpakato haioni Wi-Fi ya nyumbani lakini inaona ya simu: naomba ushauri

Mpangaji wa Sae: Wakuu, nina ripoti ya chuo inayotakiwa wiki ijayo na nimekwama. Kompyuta yangu haiuoni kabisa mtandao wa nyumba ninayopanga hapa Sae, Mbeya, ilhali simu iliyo juu ya meza hiyohiyo inauona kwa nguvu zote. Wa ofisini inauona, lakini haiunganishi hata nywila ikiwa sahihi. Nikirusha intaneti kutoka kwenye simu, inaipata mara moja. Fundi wa Mwanjelwa amepiga Windows upya bila mafanikio. Je, ninunue nyingine?

Mkulima wa Tukuyu: Pole sana, ndugu. Yangu ilinisumbua hivyo msimu wa mvua nikadhani ni hali ya hewa, kumbe waya mwembamba wa antena, ule unaopita kwenye bawaba kupanda hadi kwenye fremu ya skrini, ulikuwa umekatika. Mwambie fundi afungue bawaba kwanza.

Mwalimu wa Makambako: Kabla ya yote, je, mwenye nyumba amekuruhusu kutumia mtandao wake? Vijana wengi huomba nywila kwa watoto wa nyumba, na hiyo si tabia njema.

Mpangaji wa Sae: Shikamoo, Mwalimu. Ninauchangia kila mwezi pamoja na kodi.

Fundi wa Uyole: Kompyuta hiyo uliipata wapi?

Mpangaji wa Sae: Sioni uhusiano. Ni nzima, haina mkwaruzo.

Fundi wa Uyole: Uhusiano upo, mkuu. Jibu swali.

Mpangaji wa Sae: Dada yangu aliitumia miaka kadhaa Marekani, kisha akanitumia. Sikutaja kwa sababu kwingine inafanya kazi vizuri. Isitoshe, fundi wa Mwanjelwa ana nyingine ya kubadilishana nikiongeza hela, na nimeshampa kianzio. Bei yake ni nzuri na muda sina.

Msomaji wa Kihesa: Samahani, habari hii naona imetungwa. Mtandao hauwezi kuonekana kwenye simu ukapotea kwenye kompyuta iliyo meza hiyohiyo. Tunaandaliwa tangazo la huyo muuzaji wa Mwanjelwa.

Mpangaji wa Sae: Ndugu, sijataja duka wala bei. Ningekuwa natangaza, ningeficha nini?

Fundi wa Uyole: Msomaji, jambo hilo linawezekana kabisa. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 imegawanywa katika chaneli, yaani njia za masafa zenye namba. Ruta (kifaa kinachorusha Wi-Fi) nyingi za huku hufika chaneli ya 13, iliyo kwenye megahezi 2472, lakini kadi nyingi za Wi-Fi za ndani ya kompyuta zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huishia chaneli ya 11. Ruta ikijichagulia ya 12 au ya 13, kadi hiyo haisikilizi huko, kwa hiyo hata jina la mtandao halitokezi. Kupiga Windows upya hakuondoi kizuizi kilichomo ndani ya kadi. Mpangaji, pakua kwenye simu programu ya kupima Wi-Fi, utazame namba ya chaneli.

Mpangaji wa Sae: Nimetazama. Ni 13.

Fundi wa Uyole: Basi mwombe mwenye nyumba aingie kwenye mipangilio ya ruta, aondoe uchaguzi wa kujiendesha na aweke chaneli ya 1, 6 au 11. Hakuna gharama. Wa ofisini ni suala jingine: huenda unadai WPA3, aina mpya ya usalama wa Wi-Fi, ambayo draiva ya zamani (programu inayoendesha kadi) haiijui. Fungua Command Prompt ya Windows, andika amri ya netsh wlan show drivers, utazame kama WPA3 imo kwenye orodha. Kianzio kidai leo.

Mpangaji wa Sae: Mama mwenye nyumba amekubali tukaweka 6, na jina la mtandao limetokea papo hapo. WPA3 haimo kwenye orodha. Hata hivyo kianzio sitakidai kwanza, kwa sababu ofisini ndiko ninakoshinda mchana kutwa.

Mkulima wa Tukuyu: Bawaba je, umezikagua?

Fundi wa Uyole: Achana na bawaba. Taja modeli ya kadi tutafute draiva mpya kabla hujaongeza hata shilingi.