Dodgers na Giants huko San Francisco: niamkie mechi ipi kati ya tatu?

Mwenye Duka (Majengo, Moshi)
Wanajamvi, habari za jioni. Kuanzia Ijumaa Los Angeles Dodgers watakuwa San Francisco kwa mechi tatu mfululizo dhidi ya Giants. Mimi nimekulia kwenye Simba na Yanga, na besiboli nimeanza kuifuatilia juzijuzi kwa sababu ya Shohei Ohtani, nyota wa Dodgers. Mechi mbili za kwanza, zikianza saa moja jioni kule, huku ni saa kumi na moja alfajiri ya siku inayofuata. Ya Jumapili ni saa saba mchana kwao, yaani saa tano usiku kwetu. Zote tatu siziwezi, kwani duka hufunguliwa saa moja asubuhi. Niichague ipi, na nani ana nafasi kubwa zaidi?

Mzee wa Njiro (Arusha)
Ndugu yangu, swali hilo halijibiki kama la Simba na Yanga, kwa kuwa katika besiboli timu haiji na nguvu ileile kila siku. Mrushaji anayeanza mechi, yaani yule anayemrushia mpigaji mpira, hupumzika siku nne au tano kabla ya kurusha tena, hivyo timu iliyotisha Ijumaa inaweza kuwa ya kawaida kabisa Jumamosi. Tazama kwanza majina ya warushaji, ambayo hutangazwa mapema. Siku Giants watakayompanga Logan Webb ndiyo ya kuamkia: mpira wake huzama unapomfikia mpigaji, naye akiupata huupata kwa juu, ukaviringika chini badala ya kuruka.

Kisha kuna uwanja wenyewe. Ohtani hupiga kwa upande wa kushoto, na mpira wake ukikolea mara nyingi huelekea kulia. Upande huo wa Oracle Park uzio uko mita 94 tu kutoka kwa mpigaji kule pembeni, lakini una kimo cha zaidi ya mita 7, na ukisogea kuelekea katikati unarudi nyuma hadi mita 126, tena ghuba iko nyuma yake na hewa ya usiku ni baridi. Mpira ambao kwingine ungekuwa homurani, yaani pigo linalovuka uzio, hapo huishia kwenye glovu. Mimi ni wa Giants, lakini nawapa Dodgers mechi mbili kati ya tatu.

Kijana wa Soweto (Moshi)
Mzee, shikamoo. Uwanja haumzuii mtu aliyepiga homurani 54 na kuiba besi 59, yaani kukimbilia kituo cha mbele bila kungoja mpira upigwe, katika msimu mmoja wa 2024. Dodgers ni mabingwa wa 2024 na 2025. Watachukua zote tatu.

Mzee wa Njiro (Arusha)
Marahaba. Mwaka 2021 Giants walishinda mechi 107 za msimu na Dodgers 106, kisha Dodgers wakawatoa kwenye mchujo kwa mechi 3 kwa 2. Timu hizi zilihama New York pamoja, zikaanza kucheza California mwaka 1958, na mpaka leo hakuna anayemfagia mwenzake kirahisi.

Mwenye Duka (Majengo, Moshi)
Nawashukuru. Kibanda umiza cha mtaani kwetu hufungwa saa sita usiku, kwa hiyo ya Jumapili ningeiona mwanzo wake tu. Webb akipangwa Ijumaa, kengele ya simu nitaitega saa kumi na dakika hamsini alfajiri, bando nimekwishanunua.