Sons of Anarchy au Mayans M.C.: uanze na ipi?

Kijiti_Kavu: Wakuu, natafuta tamthilia moja ya magenge ya pikipiki ya kwenda nayo hadi mwisho. Kila mtu anataja Sons of Anarchy na Mayans M.C. Ipi itangulie? Na msimwage mtama.

FundiMsimu: Sons, mkuu. FX, kituo cha TV cha Marekani, waliirusha kuanzia 2008 hadi 2014, misimu 7, vipande 92. Mayans ikaja 2018 ikaisha 2023, misimu 5, vipande 50. Ya kwanza ni ya Kurt Sutter, ya pili aliianzisha na Elgin James.

Tofauti kubwa ni steringi amekaa wapi. Jax Teller ni makamu wa rais wa klabu, marehemu baba yake alikuwa mwasisi, na baba wa kambo, Clay, ndiye mwenye kiti. Kwa hiyo unaiona klabu kutokea mezani: bunduki za Waayalandi zinaingiaje, nani anauziwa, nani anapewa chake ili anyamaze. EZ Reyes wa Mayans yuko chini kabisa, mwanachama wa majaribio, anatumwa hiki na kile huku wakubwa wakifunga mlango. Ukianza naye, taratibu nyingi utabaki kuzikisia.

Bi_Mswano: Naongezea taratibu zenyewe. Aliye kwenye majaribio hana kura. Shughuli za kawaida hupita kwa wingi wa kura, lakini kumuua mwanachama kunataka kura zote, akipinga mmoja tu imekwama. Asiyelijua hilo ataona watu wanabembelezana na kutishana kabla ya kikao, asielewe kwa nini hawamalizani tu. Fitina nyingi za Jax na Clay zimejengwa juu ya kura hiyo moja.

Mkokoteni: Msimu wa 3 si naruka tu? Nasikia unachosha.

FundiMsimu: Usithubutu. Umepooza kweli, sehemu ya Belfast, kule Ayalandi ya Kaskazini, imevutwa kuliko ilivyostahili. Lakini kuna barua zinatiwa kwenye begi la Jax huko, na msimu wa 4 wote unawaka kwa barua hizo. Ukiruka, utashangaa Gemma, mama yake Jax, na Clay wanahaha nini.

SautiYaNyika: Mayans mnaipunja. Wale waliolipua ghala la silaha la Sons kwenye kipande cha kwanza kabisa ndio wenye hadithi sasa, na Marcus Álvarez, mkubwa wa Mayans tangu enzi za Sons, anachezwa na yuleyule, Emilio Rivera. Uzito uko kwa ndugu wawili, EZ na Angel, na baba yao Felipe mwenye bucha, ambaye Edward James Olmos anamcheza kwa kunyamaza kuliko kusema. Sutter alifukuzwa Oktoba 2019, James akashika usukani peke yake kuanzia msimu wa 3. Mwendo ukapungua, giza likaongezeka. Wengi waliozoea vurumai za Sons huishia hapo. Kwangu ndipo ilipopata sura yake.

Angalizo moja kuhusu Mayans: Kihispania ni kingi. Kagua faili ya maandishi ya chini kabla ya kuanza. Nyingine zinaandika tu kwamba mtu anaongea Kihispania, tafsiri hakuna, na mazungumzo ya nyumbani kwa kina Reyes yanakupita.

Bi_Mswano: Na Mayans inatokea baada ya Sons kwisha. Ukiitanguliza utajua nani kabaki Charming, mji wa Sons, na nani kashika kiti. Utakuwa umejimwagia mtama mwenyewe.

Pwani_Kavu: Asiye na muda wa vipande 142 achukue Bikie Wars: Brothers in Arms ya Australia, 2012, vipande 6 basi. Kisa ni cha kweli: genge la Comanchero na Bandidos waliojitenga nao, hadi mapigano ya Milperra, Sydney, 2 Septemba 1984. Walikufa 7, mmoja binti wa miaka 14 asiyehusika. Ubaya wake, watu ni wengi kwa vipande vichache. Usihangaike na majina, soma nembo mgongoni mwa kizibao.

Kijiti_Kavu: Basi Sons. Vipande vina urefu gani?

FundiMsimu: Mwanzoni vingi havifiki saa. Msimu wa 7 vingi vinakaribia saa au kuipita, usivianze usiku wa manane.